Dola ya Waarabu, Kalamu ya Wagiriki

Katika Maktaba ya Taifa ya Austria, mjini Vienna, kuna kipande cha mafunjo cha mwaka 22 Hijria, yaani 643 Miladia. Ni stakabadhi. Amiri Abdallah bin Jabir anakiri kupokea kondoo 65 wa kulisha askari wake kutoka kwa Christophoros na Theodorakios, watawala wa wilaya ya Heracleopolis nchini Misri. Imeandikwa kwa Kigiriki na Kiarabu, na thamani ya kondoo wale ilikatwa kwenye kodi ya wilaya hiyo.

Jemadari wa Waarabu, Amr bin al-As, alikuwa ameingia Misri miaka minne tu kabla. Mfalme wa Rumi, yaani Bizanti, amekwishang'oka, lakini Theodorakios yupo palepale ofisini, na daftari lake ni lilelile.

Hapo ndipo ilipo siri ya dola hii. Ushindi wenyewe ulikuja upesi: Rumi na Uajemi zilikuwa zimechoshana kwa vita vya mwaka 602 hadi 628, na kufikia 651 Yazdgerd wa Tatu, mfalme wa mwisho wa Wasasani, alikuwa ameuawa Merv. Kutawala ni kazi nyingine. Khalifa Umar aliwaweka askari kwenye miji ya kambi, Basra, Kufa na Fustat, akawaandikia posho kwenye daftari la serikali badala ya kuwagawia mashamba. Kodi iliachiwa waliozoea kuikusanya. Dameski, hazina ya Muawiya, khalifa wa kwanza wa Bani Umayya, ilisimamiwa na Mkristo, Sarjun bin Mansur. Iraki, hesabu ziliendelea kwa Kiajemi, na dirhamu zilibaki na kichwa cha mfalme wa Kisasani, pembeni pakiongezwa tu "Bismillah".

Aliyevunja mazoea hayo ni Khalifa Abd al-Malik bin Marwan, baada ya kumshinda Ibn Zubayr, mpinzani wake wa ukhalifa, mwaka 692. Kufikia 697 alikuwa na dinari isiyo na sura ya mtu, maandishi matupu ya Kiarabu. Madaftari yakafuata. Mwanahistoria al-Baladhuri anasimulia kwamba karani mmoja wa Kigiriki alikosa maji ya wino, akakojoa kidauni, na khalifa aliposikia akaamuru hesabu zote za Shamu zihamishiwe Kiarabu. Kisa kitamu, ila sidhani kama dola hubadili lugha kwa sababu ya kidau. Abd al-Malik alikuwa ametoka kwenye vita vya ndani vilivyokaribia kuimeza nyumba yake. Alitaka hazina anayoweza kuisoma mwenyewe.

Na nani aliyeifanya kazi hiyo Iraki? Salih bin Abd al-Rahman, mtoto wa mateka kutoka Sijistan, aliyejua Kiajemi na Kiarabu. Al-Baladhuri anasema Waajemi walimwahidi dirhamu 100,000 ajifanye ameshindwa. Alikataa. Mimi namhesabu Salih kuwa mjenzi wa dola hii kuliko majemadari wengi wanaotajwa vitabuni, maana upanga uliifikisha Samarkand, lakini kodi iliingia kwa hesabu zake na za wanafunzi wake.

Khurasan ilichelewa zaidi. Huko madaftari yalihamia Kiarabu mwaka 742, miaka minane kabla Bani Umayya hawajapinduliwa na Bani Abbas.