Wimbo Uliobadilishwa

Mwaka 1978 shirika la CBS la Marekani lilianza kuonyesha WKRP in Cincinnati, mchezo wa kuchekesha wa televisheni kuhusu kituo cha redio kilichohangaika kupata wasikilizaji. Santuri zilizopigwa humo zilikuwa nyimbo halisi za wakati ule. Mchezo ulikoma mwaka 1982, lakini haki za nyimbo hizo zilikuwa zimelipiwa kwa muda maalumu tu.

Hivyo kengele ya mlango wa Jennifer, karani wa mapokezi, iliyolia kwa sauti ya Fly Me to the Moon, baadaye ikapewa Beautiful Dreamer, utungo usiodaiwa malipo wa Stephen Foster, aliyefariki mwaka 1864. Toleo la sahani za video la mwaka 2007 lilibadilisha nyimbo nyingi zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya Shout! Factory ilizirudisha nyingi, ingawa si zote.

Mtunzi anastahili ujira wake. Hata hivyo, sisi walimu tunajua kwamba shairi lililobadilishwa vina si shairi lile lile. Mwanafunzi asipoambiwa, ataisoma miaka ile kwa nyimbo ambazo hazikupigwa.