Ulimi Haujarogwa

Wadau, hapa kwetu Mingoyo mzee akipigwa na kiharusi, kisha akaita kitabu "kibatu", hawakosi watakaosema karogwa. Jibu lina zaidi ya miaka 160. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimpima Leborgne, mgonjwa aliyekuwa akitamka karibu silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi. Alipofariki, ubongo wake ulikutwa na jeraha mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza jeraha la nyuma zaidi: maneno yanatiririka, ila sauti zinachanganyika na maana inapotea.

Kwa mzee wa "kibatu", neno lipo kichwani. Kupanga sauti zake ndiko kulikovurugika. Basi tusimcheke, tumsubiri amalize. Na hali hiyo ikianza ghafla, hospitali mara moja, siyo kwa mganga.