Kichezeo katika Malezi: Kutoka Mwana Hiti hadi Dukani

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali hiyo huambiwa mkaidi asiyesikia nasaha, wala haikupata kuwa kanuni ya kumlea mtoto mchanga. Historia ya vichezeo katika nchi yetu yaonyesha kwamba wazee walikuwa na utaratibu wa kuchagua kitu cha kumpa mtoto. Yafaa tuuchunguze utaratibu huo, kwa kuwa ndio unaotuponyoka leo.

Tuanzie Wazo, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni. Nchi hii ni ya asili ya Wazaramo. Miongoni mwao, kama miongoni mwa jirani zao Wakwere na Waluguru, msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani alipewa mwana hiti: sanamu ndogo, aghalabu ya mti, yenye kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu. Mwali aliitunza kama mtoto, na kwayo akafundishwa wajibu wa mama. Zawadi hiyo haikutolewa kwa rika lolote tu. Watoto wadogo walikuwa na vitu vyao: mwanasesere wa gunzi la hindi, mpira wa matambara, gari la mabua. Katika yote hayo, mtoaji alijua mambo matatu: kitu kimeundwa kwa nini, kimeundwa na nani, na chafaa rika gani.

Hata hivyo, tusiitukuze jadi kupita kiasi. Manati yaweza kumpofua mtu, na kijiti kilichochongwa huchoma. Lakini hatari hizo zilionekana kwa macho, na mtu mzima aliyepita njia aliweza kumkanya mtoto.

Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji hapo Wazo, kikitumia mawe ya chokaa ya kilima hicho. Kadiri jiji lilivyopanuka, mtoto naye alipata malighafi mpya: kopo, waya, kifuniko cha chupa, mfuko mtupu wa saruji. Karatasi ngumu ya mfuko humvutia mtoto anayetaka kuunda tiara. Kumbe vumbi la saruji lililosalia ndani, likikutana na unyevu, laweza kuunguza ngozi na macho. Hapo hatari ilianza kujificha.

Ilijificha zaidi baada ya mwaka 1984, masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalipoanza kulegezwa. Tangu hapo vichezeo vya plastiki vimeenea madukani na mikononi mwa wachuuzi. Muundaji wake yu mbali, na rangi yake haisemi ina nini ndani. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani ililazimika kurudisha vichezeo zaidi ya milioni moja vilivyotengenezwa China, kwa kuwa rangi yake ilishukiwa kuwa na madini ya risasi kupita kiwango. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo ilighafilika, mnunuzi wa sokoni hana budi kuwa macho zaidi.

Taifa letu liliunda Shirika la Viwango kwa sheria ya mwaka 1975. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kukaa katika kila nyumba. Hivyo maswali matatu ya wazee lazima yaulizwe dukani. Kimeundwa kwa nini? Rangi inayobanduka na plastiki yenye ncha kali zikataliwe. Kimeundwa na nani? Kitu kisichotaja kilikotoka kitiliwe shaka. Chafaa rika gani? Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Asipewe gololi, wala mwanasesere mwenye macho yanayong'oka, wala kichezeo ambacho betri yake ndogo ya mviringo yaweza kutoka. Betri hiyo ikikwama kooni huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu.

Walimu na wanafunzi wana kazi hapa. Wakusanye majina ya vichezeo vya wazee wao, waandike vilivyoundwa na vilivyogawiwa kwa rika, kisha wavipime vya dukani kwa kipimo hicho hicho. Taifa linalojua kwa nini mwana hiti hakupewa mtoto anayetambaa litajua pia kitu cha kuacha dukani.