Uta, Wano na Mnepo: Historia Fupi ya Upinde na Msamiati Wake, Nairobi na Viungani

1. Utangulizi

Ni rahisi kudhani kwamba ufundi usiokuwa na jina lililozoeleka katika Kiswahili haukuwapo miongoni mwa wasemaji wake wala jirani zao. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa mfano mmoja, nao ni kazi ya kuutengeneza upinde hadi utulie na kuuchagulia mishale inayoufaa. Mahali petu pa kuanzia ni Nairobi, toka katikati ya mji hadi Dagoretti na Ngong upande wa magharibi, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili cha misafara kilipokutana na jamii za wapiga upinde.

2. Upinde na mshale wake

Tutazame kwanza upinde wa kigeni wa miaka ya 1950 na 1960, ule wa mbao zilizogandamanishwa na nyuzi za kioo, ambao ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele. Anayeurithi upinde wa namna hiyo hana budi kuwa na subira. Kwanza huuchunguza kama matabaka yake hayajaachana wala mikono yake haijapotoka. Kisha huutia upote wa dakroni, ambao hunyumbuka kidogo, kwani nyuzi za siku hizi zisizonyumbuka huweza kuzipasua ncha za kale. Halafu hupima nafasi iliyopo kati ya kishikio na upote, aghalabu inchi 7 hadi 9. Upote ukisokotwa zaidi hufupika na nafasi ikaongezeka. Ukisokotolewa, nafasi hupungua. Hujaribu hatua kwa hatua mpaka upinde unyamaze, usitetemeke mkononi.

Ndipo linapokuja suala la mshale. Mshale hukaa ubavuni mwa upinde, ilhali upote huusukuma kuelekea katikati. Kwa hiyo ukiachiwa hunepa, hukipita kishikio kwa kukizunguka, kisha hunyooka. Picha za kasi alizopiga Mmarekani Clarence Hickman katika miaka ya 1930 zilidhihirisha jambo hilo. Wano likiwa gumu mno au laini mno, mshale hupotoka hata kama mpigaji amelenga vyema.

Mafundi wa mishale ya mbao wana kipimo chao. Wano huegemezwa juu ya nguzo 2 zilizoachana inchi 26, na uzito wa ratili 2 hutundikwa katikati. 26 ikigawanywa kwa inchi ambazo wano limenepa, jibu huwa ratili za upinde unaolifaa: wano lililonepa inchi 0.52 lafaa upinde wa ratili 50. Aidha, kichwa kizito hulifanya wano linepe zaidi, na likikatwa fupi huwa gumu. Hatimaye mshale usio na manyoya hurushwa sambamba na wenye manyoya. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ule mtupu ukiangukia kushoto, wano ni gumu. Ukiangukia kulia, ni laini.

3. Ushuhuda wa historia

Joseph Thomson alipopita Ngong mwaka 1883, na Lugard alipojenga ngome Dagoretti mwaka 1890, wengi wa wapagazi wao walikuwa wasemaji wa Kiswahili kutoka pwani, na silaha ya misafara ilikuwa bunduki. Waliowakabili ukingoni mwa msitu wa Wagikuyu walikuwa na pinde na mishale ya sumu. Sumu hiyo hupikwa kutokana na mti uitwao msunguti kwa Kiswahili, mũrĩcũ kwa Kigikuyu, kĩvaĩ kwa Kikamba na ol-morijoi kwa Kimaasai. Wasomali huiita waabaayo. Nalo ndilo jina lililochukuliwa na mkemia Mfaransa Arnaud alipoitenga sumu hiyo mwaka 1888, likaingia katika vitabu vya tiba ya moyo duniani kote.

Sumu ndiyo iliyoua, kwa hiyo upinde wa kawaida haukuhitaji kuwa mkali. Lakini Wawaata wa nyika ya Tsavo, waliowinda ndovu, walikuwa na pinde zilizohitaji zaidi ya ratili 100 kuvutwa, na mshale wao ulibeba mbele yake chuma kilichopakwa sumu na kuviringishwa ngozi ili isikauke. Mshale wa upinde kama huo hauchongwi kwa kubahatisha. Ungevunjika au kupotoka. Hatuna budi kukiri kwamba aliyeuchonga alikijua kipimo kile kile, ingawa mizani yake ilikuwa viganja vya mikono yake.

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Msako mkubwa wa miaka ya 1956 na 1957 uliwatia gerezani wawindaji wengi. Na mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Sheria hizo ziliwahifadhi ndovu, wala hatuzilaumu kwa hilo. Hata hivyo, mtu aliyekwisha kuitwa jangili hana sababu ya kuwafundisha wanawe maneno ya kazi yake.

4. Maneno yaliyobaki

Kiswahili cha kale kilikuwa na neno uta, wingi wake mata, ambalo Wagikuyu na Wakamba wanalo hadi leo. Upinde ni neno la baadaye, lililotokana na kitenzi kupinda. Kwa mfuko wa mishale tuna podo na ziaka, na hili la pili linashabihiana waziwazi na thiaka la Kigikuyu. Tuna pia wano, chembe, kigumba na upote. Wala haya hayakuwa maneno ya watu wa bara pekee. Fumo Liyongo wa pwani husimuliwa kuwa alikufa amepiga goti, uta wake umevutwa, watu wakaogopa kukikaribia kisima. Yaelekea maneno haya yalififia kwa sababu mjuzi wa Kiswahili alishika bunduki mapema kuliko jirani zake.

Kwa ule ugumu au ulaini wa wano hatuna nomino iliyozoeleka. Kiingereza hutumia neno ambalo pia humaanisha uti wa mgongo. Tukilitafsiri tutapata kichekesho. Lakini vitenzi tunavyo: ufito uliotundikwa mzigo hunepa, mnazi katika upepo hunesa, mpira hunyumbuka, ngozi kavu hukakamaa. Kinachotokea kwa wano ni kunepa. Yafaa basi tuseme mnepo wa wano.

5. Hitimisho

Mwaka 2016 Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, naye alishindana kwa upinde. Atakayetaka kuusimulia mchezo wake kwa Kiswahili anayo maneno ya kutosha, akiyatafuta. Kazi iliyosalia ni ya idara zetu za lugha: kuwaendea wazee wa Ukambani na wa Tsavo na kuandika majina ya ala, ya miti na ya vitendo vya fundi kabla hayajazikwa. Kutoka madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Makumbusho ni mwendo mfupi wa miguu. Kila upinde unaohifadhiwa uandikwe pamoja na mti wake, mishale yake na maneno yake, kwani ala iliyotengwa na hayo hubaki kuwa kijiti kilichofungwa uzi.