Koki Mbili Chini ya Gari: Mahujaji na Oili ya Giaboksi Bandarini Jeddah

Mwezi Disemba mwaka 1925 mji wa Jeddah ulisalimu amri kwa majeshi ya Abdulaziz Ibn Saud, na katika miaka michache iliyofuata safari ya hija ikabadilika sura. Kabla ya hapo, hujaji aliyetoka Unguja, Mombasa au Lamu alishuka melini mbali na pwani kwa sababu ya matumbawe, akaletwa mjini kwa mashua, kisha akapanda ngamia kwenda Makka, umbali usiozidi kilomita 80. Safari hiyo ya usiku mbili motokaa iliifanya ya saa chache. Wenye ngamia ndio walioumia.

Harry St. John Philby, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa serikali ya nchi yake na ambaye alisilimu mwaka 1930, alifanya biashara Jeddah akiwa wakala wa Ford. Gari la Ford lililoenea duniani hadi mwaka 1927 lilikuwa Model T, na ndani yake injini na giaboksi viliogelea katika oili moja. Halikuwa na kijiti cha kupimia wala pampu ya oili. Gurudumu zito la injini ndilo lililoirusha oili juu. Dereva alilazimika kulaza gari mahali tambarare, kusubiri oili itulie, kisha kuingia uvunguni na kufungua koki mbili ndogo. Koki ya juu ikitoa oili, imezidi, na injini itafuka moshi. Koki ya chini isipotoa kitu, hatari imekaribia.

Kimo sahihi kilikuwa kati ya koki hizo mbili. Jambo hili dogo lilikuwa na uzito mkubwa kwenye mchanga, ambako dereva hukanyaga gia ndogo kwa muda mrefu na mikanda ya giaboksi hupata moto. Katika mwinuko oili hukimbilia nyuma, na beringi ya mbele ya injini hukauka na kuungua. Abiria wa gari la namna hiyo hubaki juani, maji yakiwa haba.

Model A, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1927, ilitenganisha giaboksi na injini. Fundi alifungua kizibo cha ubavuni na kumimina oili nzito mpaka ianze kufurika kwenye tundu hilo hilo. Msikilizaji mwenye pikipiki kuukuu ya Kiingereza anaijua kanuni hiyo: nyingi zina skrubu ya kimo, nayo haisemi kweli mpaka pikipiki isimame wima. Oili ikizidi hupenya hadi kwenye klachi.

Mdororo wa uchumi duniani ulipunguza mahujaji kutoka takriban 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi 20,000 hivi mwaka 1933. Serikali iliishiwa fedha, na Philby akawa miongoni mwa wafanyabiashara wanaoidai. Mwezi Mei mwaka huo huo, mjini Jeddah, mfalme aliipa kampuni ya Kimarekani, Standard Oil ya California, haki ya kutafuta mafuta. Kisima cha Dammam nambari 7 kilitoa mafuta ya kutosha biashara mwaka 1938. Kabla ya hapo, hata oili iliyomiminwa katika giaboksi za magari ya mahujaji ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo.