Damu Peke Yake Haitoshi: Viashiria vya Maradhi ya Retina kwa Wenye Kisukari Mkoani Katavi

Watafiti wa kisukari aina ya pili wanatafuta protini ndani ya damu itakayobainisha, kabla mgonjwa hajaanza kuona ukungu, kwamba retina yake inaharibika. Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi nchini Tanzania, ina kila sababu ya kuitamani protini hiyo. Mkoa huo, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko mbali na hospitali kubwa za rufaa: Bugando iko Mwanza, KCMC iko Moshi, Muhimbili iko Dar es Salaam. Kichupa cha damu husafiri kwa wepesi kuliko mzee mwenye kisukari. Hata hivyo, naona ni mapema mno kuiachia damu uamuzi huo, kwa kuwa viwango tunavyoazima vilipatikana kwa watu ambao damu yao haikupitia yaliyoipitia damu ya huku.

HbA1c, kipimo cha sukari iliyoshikamana na himoglobini na kiashiria kilichozoeleka zaidi, ni ushahidi tosha. Uchambuzi wa takwimu za UKPDS, utafiti wa kisukari aina ya pili nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulihusisha kila pungufu la asilimia moja ya HbA1c na pungufu la takriban asilimia 37 la madhara ya mishipa midogo, yakiwemo ya macho. Lakini kipimo hicho kinachukulia kwamba chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120. Malaria huzivunja kabla ya wakati, nao upungufu wa kimeng'enya cha G6PD unaweza kufanya hivyo. Majibu yakashuka ilhali sukari iko palepale. Upungufu wa madini ya chuma huelekea kuyapandisha. Mwaka 2017 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa watu weusi waliorithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, wazima kabisa, walikuwa na HbA1c ya chini kwa takriban asilimia 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Kwa mtu aliye kwenye mpaka wa asilimia 6.5 wa kutambua kisukari, tofauti hiyo inatosha kumrudisha nyumbani akidhani yu salama.

Viashiria vipya navyo vina mitego yake. VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kuota ovyo kwenye retina, iligunduliwa kwa wingi ndani ya majimaji ya jicho miaka ya 1990. Ndani ya damu ni habari nyingine: chembe sahani huimwaga damu inapoganda, hivyo namna sampuli ilivyochukuliwa na kutunzwa inaweza kubadili jibu kuliko ugonjwa wenyewe.

Kilimanjaro walichagua njia nyingine: kamera ya retina ikawafuata wagonjwa kliniki. Picha haijali chembe nyekundu zimeishi siku ngapi. Katavi ianzie hapo. Damu na mkojo visaidie kupanga nani apigwe picha kwanza. Kreatinini, pamoja na albumini ya mkojo, zinafaa kazi hiyo, kwani figo na retina mara nyingi huumia pamoja. Fruktosamini, kipimo cha sukari iliyoshikamana na protini za damu, nayo ijaribiwe, maana haitegemei umri wa chembe nyekundu.

Atakayependekeza kiashiria kipya kwa mkoa huu akilete pamoja na picha za retina za wagonjwa walewale, himoglobini yao na hali yao ya selimundu. Makala isiyo na hayo irudishwe kwa mwandishi.