Ataksia ya ghafla ya watoto

Ataksia ya ghafla humfanya mtoto aliyekuwa akitembea vizuri aanze kuyumba, miguu kaitanua, mkono ukitetemeka anapofikia kikombe. Mara nyingi husababishwa na kinga ya mwili kushambulia serebela, sehemu ya ubongo inayoratibu mijongeo ya mwili, siku chache hadi wiki 3 hivi baada ya maambukizi ya virusi, hasa tetekuwanga. Wengi huwa chini ya miaka 6, na kwa bahati njema hupona ndani ya wiki au miezi michache. Homa kali, shingo kukakamaa, degedege au kupoteza fahamu huashiria hatari kubwa zaidi, kama malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Kwa mfano, huko Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi kinachofikiwa hasa kwa boti, mtoto mwenye dalili hizi apimwe malaria mara moja na apelekwe Hospitali ya Maweni, Kigoma, bila kungojea.